Maoni ya Pembeni

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Maana yake ni nyepesi: anayekwenda kwa uangalifu, akitazama anapokanyaga, hufika salama, ilhali mwenye papara huangukia pua. Kila mtu anaijua methali hii. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaitamka huku tunakimbia. Tabitha Mbise wa Usa River hakuwa mtu wa kuitamka. Yeye aliiishi, na kwa sababu hiyo watu walimcheka.

Tabitha alifanya kazi katika chumba cha kufungashia maua kwenye shamba la Waridi Jema, na pia alikuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi. Alikuwa mpole wa mwendo na mpole wa maneno. Chai yake ilipoa mpaka ikaota utando kabla hajaimaliza. Wenzake walimbatiza jina la Kinyonga, naye akalipokea bila kinyongo, akisema hajawahi kusikia habari za kinyonga aliyevunjika mguu.

Mwezi wa Februari mwaka ule, mambo shambani yaliharibika. Sikukuu ya wapendanao ilikuwa imekaribia, na maua yalitakiwa Ulaya kwa wingi kuliko yalivyoweza kuchanua. Kanuni ilikuwa kwamba banda la maua likishapuliziwa dawa, hakuna mtu kuingia mpaka kesho yake. Lakini wanawake wanaokata maua wakawa wanarudishwa ndani asubuhi ileile, majani yakiwa bado yanadondosha dawa. Macho yaliwawasha, ngozi za mikono zikababuka. Baadhi yao wakazirai kabisa, wakatolewa nje wakiwa wamebebwa kama magunia ya viazi.

Kati ya waliozirai, aliyekumbuka vizuri kuliko wote alikuwa Penina Kaaya, mjane kutoka Kikwe, ambaye kila mtu alimwita Mama Elinipa kwa jina la binti yake. Kamati ilipoamua kuandika ripoti, na afisa kazi alipokubali kuja kuzikutanisha pande mbili, Tabitha alijua kwamba bila ushuhuda wa mama huyo ripoti ingekuwa uji bila chumvi. Akamfuata nyumbani kwake, katika nyumba za wafanyakazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Najua kilichokuleta, na jibu langu ni hapana."

"Mama, hata sijakaa!"

"Kaa, lakini jibu ni lilelile. Nyumba hii ni ya shamba. Nikifukuzwa kazi asubuhi, jioni niko barabarani na virago vyangu. Elinipa yuko kidato cha tatu pale Kikatiti. Nikifungua mdomo, nani atamsomesha? Wewe?"

Tabitha aliketi taratibu, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akasema, "Jina lako halitatokea popote. Utaitwa Shahidi wa Tatu, basi. Hata mkurugenzi mwenyewe asome mpaka macho yamtoke, hatajua ni wewe."

"Unaapa?"

"Siapi, mama. Nikisema ndiyo, ni ndiyo."

Penina alimtazama usoni. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki, maana alichokuwa nacho mkononi kilikuwa riziki ya mtoto. Mwisho akashusha pumzi. "Haya, andika. Wazungu wapendane na maua yao, lakini wasipendane kwa macho yetu." Akasimulia yote, na Tabitha akaandika, moyo ukimuuma.

Mwenyekiti wa kamati aliitwa Meshack, dereva wa trekta, kijana mwenye moyo mwema na damu ya pilipili. Wafanyakazi walimpenda kwa sababu hakumwogopa mtu. Ripoti ilipokuwa tayari, Meshack aliiweka mtandaoni, akawatumia mashahidi linki ili kila mmoja aisome kwenye simu yake na kusema kama kuna lililokosewa. Wazo lenyewe halikuwa baya. Akina mama waliitikia kwa bidii. Pembeni mwa kila ukurasa yakajipanga maoni kama nguo kwenye kamba, kila oni likiwa na jina la mwenyewe na picha yake amejifunga kitambaa cha kwenda kanisani.

Siku mbili kabla ya kikao, Rodrick, meneja utumishi wa shamba, alimwandikia Meshack ujumbe. Rodrick alikuwa mtu wa tai na manukato, mwenye tabasamu lisilofika machoni. "Kaka, msisumbuke kuleta karatasi," aliandika. "Nitumieni faili lenyewe, lile la kuandikika, tujibu humohumo. Tuokoe muda."

"Umeona?" Meshack alimwonesha Tabitha kwa furaha. "Leo hata Rodrick anatujali!"

Tabitha aliusoma ujumbe ule, akaurudia. "Kaka Meshack, anayetaka kujibu husoma karatasi. Anayetaka faili anataka kuchungulia uvunguni."

"Wewe nawe! Kila kitu unakiona nyoka."

"Tukatae?"

Meshack akakuna kichwa. Wakikataa, Rodrick angemwambia afisa kazi kwamba kamati haina ushirikiano. Kwa hiyo wakakubaliana kutuma, ila Tabitha akasema kwamba faili halitatoka mpaka alipitie. Meshack akaguna, maana alijua maana ya neno "kupitia" katika kinywa cha Kinyonga.

Walikwenda steshenari kwa Abasi, kando ya barabara ya Moshi. Abasi alikuwa mtu wa Kondoa aliyefika Usa River ujanani na kuota mizizi. Kompyuta yake ilikuwa imeandika maisha ya mji mzima. "Humu ndani," alipenda kusema huku akiipigapiga mgongoni, "nina barua za posa, za talaka na za kuomba kazi. Wengine nikikutana nao sokoni naona haya kwa niaba yao."

"Ndiyo maana nimekuja na flashi yangu, baba," Tabitha alisema. "Na nikimaliza, sitaacha kitu humu. Naomba pia usikae nyuma yangu."

Abasi alijifanya amenuna. "Miaka yote hii, leo mimi nimekuwa mwizi wa siri?" Kisha akacheka, akamvutia kiti na kuondoka kwenda kwenye mashine yake ya kutoa nakala.

Tabitha akalifungua faili. Pembeni, maoni yalijaa kutoka juu mpaka chini. Penina, mathalani, alikuwa ameandika: "Hapa ongezeni kwamba nilitapika." Na juu ya maneno hayo lilikuwapo jina lake na sura yake.

"Hilo dogo," Meshack alisema. Akanyoosha mkono juu ya bega la Tabitha, akabonyeza mahali, na maoni yote yakatoweka. Ukurasa ukabaki mweupe kama shuka la hospitali. "Umeona? Yameisha. Tuma."

"Hujayafuta. Umeyaficha."

"Ficha, futa, si ni yaleyale?"

"Mtoto akijificha nyuma ya pazia, ameondoka nyumbani?" Tabitha aliuliza, akabonyeza palepale, na maoni yote yakarudi na sura zao, yakiwatazama. Meshack akaurudisha mkono wake.

Basi Tabitha akaanza kazi. Aliyafuta maoni, moja baada ya jingine. Akageukia masahihisho, maana faili lilikuwa limehifadhi kila neno lililowahi kukatwa. Mahali palipoandikwa "Shahidi wa Tatu", nyuma yake lilikuwa bado limo jina "Penina Kaaya" limepigwa mstari mwekundu, likingoja mtu wa kulifunua. Akayakubali masahihisho yote ili yale ya zamani yasibaki. Hakuridhika. Akafungua faili jipya tupu, akahamishia maandishi peke yake, bila historia yake. Akatazama na sifa za faili, ambako kompyuta huandika nani kaliandika na lini, akaweka "Kamati ya Wafanyakazi". Hatimaye akaitafutisha kompyuta neno "Penina". Jibu likaja: halipo. "Kaaya"? Halipo.

"Haleluya!" Meshack alisema. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, na Rodrick alikuwa ameshapiga simu mara kadhaa kuuliza faili liko wapi. "Sasa tuma, Kinyonga. Nakuomba kama mdogo wako."

"Bado nataka kulisoma kwa sauti."

"Lote?"

"Lote."

Meshack alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliketi juu ya boksi la karatasi, akasikiliza kama mtu anayesikiliza mahubiri ya tatu siku moja. Tabitha akasoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika kwa Shahidi wa Tatu. "Nikaona giza," akasoma. "Nikaanguka katikati ya matuta. Nikawasikia wenzangu kwa mbali wananiita, Mama Elinipa, Mama Elinipa, nami siwezi kujibu."

Akaweka kidole juu ya jina lile kwenye kioo. Meshack aliinuka kutoka kwenye boksi, uso umemshuka.

"Mungu wangu," alisema. "Tulitafuta Penina!"

"Kompyuta haijui mila zetu," Tabitha alijibu. "Haijui kwamba huku Meru mwanamke huacha jina lake siku anapojifungua mtoto wa kwanza. Penina hata mkuu wa zamu hamjui. Mama Elinipa anamjua mpaka mbwa wa getini."

Alikuwa amebakiza kidogo tu aivunje ahadi yake. Akaandika upya: "Nikawasikia wenzangu kwa mbali wananiita kwa jina." Mbele kidogo aliona "binti yangu wa kidato cha tatu Kikatiti", akabadilisha kuwa "mtoto wangu anayesoma". Akaurudia ushuhuda wa kila mmoja kwa jicho hilohilo, akiondoa u-Mama Fulani, majina ya vijiji na kila kitu ambacho jirani angekitambua. Meshack hakusema tena "tuma". Alitoka, akarudi na soda mbili baridi, akamfungulia Tabitha ya kwake.

Faili lilipotumwa, Tabitha aliondoa kila alama yake katika kompyuta ya Abasi, mpaka ndani ya pipa la taka la kompyuta, akachomoa flashi yake na kuaga.

Rodrick alilipokea na kulifungua palepale, huku akipangusa midomo kama mtu anayekaribishwa pilau. Akatazama pembeni: hakuna oni hata moja. Akatafuta masahihisho: hakuna. Akatafuta jina la mwandishi, akakuta "Kamati ya Wafanyakazi". Akasoma ushuhuda wa tatu tena na tena akitafuta pa kushika, akateleza kila mara. Kesho yake akawaita ofisini baadhi ya wakata maua na kuwauliza kwa sauti ya asali, nao kila mmoja akamjibu, "Mimi sijui bosi, mimi nakata maua."

Hasira zikampanda, na hasira na haraka ni ndugu wa tumbo moja. Kikao kilikuwa kesho, na jibu la kampuni lilikuwa halijaandikwa hata mstari mmoja. Akakaa na msaidizi wake, Agnela, kila mmoja kwenye meza yake, wakaliandika kwa kutupiana faili. Rodrick aliweka maoni pembeni na Agnela akamjibu. Jioni, akiwa ameshavaa koti la kuondokea, Rodrick alibonyeza mara moja, maoni yakatoweka, ukurasa ukawa mweupe. Akatabasamu, akalituma kwa afisa kazi na kwa kamati. Kulisoma tena hakuona haja.

Tabitha na Meshack walilifungua wakiwa kwa Abasi. Tabitha, kwa mazoea yake, akabonyeza mahali palepale ili kuona kama kuna kitu nyuma ya pazia. Kulikuwa na nyumba nzima.

Meshack alisoma, akaruka juu mpaka akagonga taa. "Tumewapata! Nipe, nirushe kwenye kila grupu la wasap kutoka hapa mpaka Arusha mjini!"

"Ukirusha leo, kesho watasema tumeghushi," Tabitha alisema, akiitoa simu ya Meshack mkononi mwake kwa upole kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Afisa kazi anayo nakala aliyoletewa na Rodrick mwenyewe. Tumwache aifungue yeye, mbele ya watu wote. Usiku mmoja tu, kaka. Vumilia."

Usiku ule Meshack hakulala. Tabitha alilala fofofo.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa shamba. Mkurugenzi, Bwana Lerionka, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alikaa mbele pamoja na Rodrick. Afisa kazi, Bi Salha, alikaa katikati na kompyuta yake mpakato. Akina mama walijaza viti vya nyuma na sare zao za kijani, na miongoni mwao alikuwamo Penina, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la khanga.

Rodrick alisimama na karatasi yake. "Kampuni inafuata taratibu zote za usalama," alisoma kwa sauti ya kipaza sauti. "Tuhuma za mashahidi wasio na majina hazina msingi. Watu wa kweli wana majina."

Minong'ono ikapita. Tabitha akainua mkono, polepole kama kawaida yake.

"Bi Salha, shikamoo. Naomba jibu la kampuni lioneshwe ukutani tulisome sote. Wengine masikio yetu ni mazito."

Watu wakacheka. Bi Salha akamtazama Rodrick. "Una pingamizi?"

"Hata kidogo," Rodrick alijibu, akiitengeneza tai yake. "Sisi hatuna cha kuficha."

Bi Salha akaunganisha projekta, akalifungua faili alilotumiwa. Kompyuta yake ilikuwa ya mtu anayesoma mikataba kila siku, nayo ilipangwa kuonesha kila kitu. Ukuta ukawaka. Upande wa kushoto palikuwa na jibu la kampuni. Upande wa kulia, kwa herufi nyekundu zilizoonekana mpaka mlangoni, yalijipanga maoni ya pembeni.

Agnela alikuwa ameandika: "Bosi, niandike kwamba huwa tunasubiri mpaka kesho yake?"

Rodrick alikuwa amejibu: "Usiandike hivyo, hatusubiri. Andika tunafuata taratibu zote, inatosha."

"Je, wakitaka kuongea na mpulizaji dawa?"

"Sema yuko likizo."

Na chini kabisa: "Huyo Shahidi wa Tatu ndiye hatari. Kwenye faili lao sijamwona. Endelea kuulizia kwenye nyumba zao. Akijulikana tu, mkataba wake usihuishwe, na nyumba arudishe."

Watu walisoma mpaka mstari wa mwisho. Kisha mama mmoja wa nyuma akatoa "Heee!" ndefu, na ukumbi ukapasuka. Wengine walisimama, wengine walipiga makofi ya mshangao. Agnela alijiinamia. Rodrick aliikimbilia kompyuta ya Bi Salha, nusura aangushe projekta.

"Niliyafuta hayo!" alipiga kelele. "Niliyafuta mimi mwenyewe jana!"

"Hukuyafuta, kaka," Tabitha alimwambia, bila kupandisha sauti. "Uliyaficha."

Bwana Lerionka aliinuka. Hakumtazama Rodrick hata mara moja. "Nenda ukanisubiri nje," alisema. Kisha akawageukia akina mama na kuvua kofia yake. "Nimesoma kwa macho yangu, sina la kujitetea. Mama zangu, nisameheni."

Kabla jua halijafika utosini, makubaliano yalikuwa yameandikwa na kusainiwa. Banda lililopuliziwa dawa lingefungwa kwa kufuli mpaka kesho yake, hata kama Ulaya nzima ingekuwa inaoana siku hiyo. Walioumia wangetibiwa kwa gharama ya shamba. Na hakuna mtu aliyetoa ushuhuda ambaye angeguswa, kazi yake wala nyumba yake. Meshack alipoweka saini yake kama mwenyekiti, machozi yalimtoka waziwazi, wala hakujali nani anaona. Alimsogelea Tabitha akamwambia, "Dada, kuanzia leo nikikuharakisha, nipige kofi."

"Nitakupiga polepole," Tabitha alijibu, na wote wawili wakacheka.

Bi Salha alifunga kompyuta yake, akasimama. "Nina neno la mwisho. Shahidi wa Tatu simjui, na sitaki kumjua. Lakini kama yumo humu ndani, na ajue kwamba ushuhuda wake ndio uliotuleta hapa. Tumpigie makofi."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Kila mtu aligeuza shingo huku na huku akimtafuta mwenye sifa hiyo. Penina Kaaya alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, naye pia akageuza shingo, akatazama viti vya mbele, akatazama viti vya nyuma, akamgusa jirani yake na kumwuliza, "Ni nani jamani huyu mama jasiri?"

Jirani akatikisa kichwa, hajui. Penina akacheka kwa furaha iliyomjaa mpaka kooni, kazi yake ikiwa mikononi mwake na siri yake ikiwa kifuani pake. Rodrick aliyekimbia alikuwa nje ameangukia pua, na Kinyonga aliyetambaa alikuwa ndani akishangiliwa. Wahenga hawakukosea: mwenda pole hajikwai.